Vazi la Lwanda Magere kwa foamu: nitapataje mwili wa jiwe unaokunjika bila rangi kupasuka?

Kivuli_cha_Kano (Umoja)

Kaka na dada zangu, hamjambo. Ninatayarisha vazi la kosplei, yaani la kujivika kama mhusika wa hadithi, kwa ajili ya tamasha la vibonzo hapa Nairobi, na safari hii sitaki kuvaa mhusika wa Kijapani wala wa Kimarekani. Nimemchagua Lwanda Magere, shujaa wa Wajaluo wa Kano, karibu na Kisumu, ambaye mikuki haikuweza kumwingia kwa kuwa mwili wake ulikuwa wa jiwe. Nyanya yangu alitusimulia kisa chake mara nyingi: jinsi Walang'o, yaani Wanandi, walivyoshindwa naye vitani hadi wakamwoza binti yao, na jinsi binti huyo, mumewe alipougua na kumwomba amchanje dawa, alivyotambua kwamba wembe haukukata mwili lakini ulipogusa kivuli damu ilitoka.

Shida yangu ni moja, ila ina matawi. Ninataka mtu aliyesimama hatua mbili kutoka kwangu aone jiwe, na wakati huo huo niweze kukunja viwiko, kuketi na kupanda ngazi. Nimekwisha kujaribu kipande kidogo cha mkeka wa watoto nikakipaka rangi ya ukutani, na kilipokunjwa rangi ilibanduka kwa magamba. Je, ni foamu ya aina gani inayofaa, na inapatikana wapi mjini? Sura ya jiwe inachongwaje? Na ni rangi gani inayoweza kufuata mwendo wa mwili? Nyumbani kuna cherehani ya mama ya kukanyaga, inayoshona mshono ulionyooka peke yake, pamoja na vifaa vya kawaida vya mkono.

Fundi_Msasa (Donholm)

Kivuli, nimefurahi sana kuona mtu akimshughulikia shujaa wetu kwa uzito huu, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Tuanze na foamu, kwa sababu wengi hupotelea hapo. Sponji ya godoro haifai, kwa kuwa vitundu vyake viko wazi, hunywa gundi na rangi bila kushiba, na ukiipasha moto haishiki umbo. Unayoitafuta ni foamu ya EVA, ile ya mikeka ya watoto inayopachikana kwa meno na ya soli za malapa. Hiyo vitundu vyake vimefungwa, hukatika kwa wembe, na hulainika kwa joto kisha ikipoa hubaki na umbo uliloipa. Mikeka kwa kawaida ina unene wa milimita 10 hivi, na upande wake mmoja una mistari au vinundu, ambao utauelekeza ndani. Unene huo ni mzuri kwa kifua, mgongo na mabega. Kwa mikono na mapaja tafuta ya milimita 5 au 6, na kwa vidole na uso, milimita 2. Mikeka iko Kamukunji. Zile shiti nyembamba, waulize mafundi wa viatu wa soko la Kariokor wanakozinunua. Kabla ya kulipa, ibonyeze kwa kucha. Iliyo nzuri hurudi mahali pake mara moja, na iliyo nyepesi mno hubaki na shimo, nayo itakuonyesha kila mahali ulipoegemea ukuta.

Sasa jiwe lenyewe. Chukua karatasi ya foili ya jikoni, uifinyange iwe donge lenye ncha nyingi zisizolingana, bila kuikaza sana. Pasha foamu kwa mashine ya kupuliza hewa moto, ukiitembeza bila kusimama mahali pamoja, mpaka uone uso wake umebadilika na kuanza kung'aa kidogo. Hapo una sekunde chache. Bonyeza donge kwa uzito wa kiganja chote, linyanyue, ligeuze, bonyeza tena pembeni, ili alama isijirudie, kwa maana jicho hugundua upesi mno alama inayojirudia. Kikaushio cha nywele hakitakusaidia, kwa sababu joto lake ni dogo. Ukimaliza chengachenga, chora nyufa kwa ncha ya wembe mpya, kwa kina kisichozidi theluthi moja ya unene wa foamu, kisha zipitishie hewa moto kwa mara ya pili. Utaona kila mkato ukifunguka wenyewe mbele ya macho yako kama mdomo. Usichore nyufa zote kwa kina kimoja. Ufa wa kweli huanza mpana, ukapungua, ukapotea.

Nakusihi usibuni jiwe kutoka kichwani. Mji huu umejengwa kwa mawe, na yale yanayochimbwa Ndarugo, ambayo yalitokana na majivu ya volkano, yana vitundu na punje zinazofaa sana kuigwa. Simama kwenye eneo lolote la ujenzi uyatazame wakati wa jua la asubuhi, miale inapoyapiga kwa ubavu. Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba lile jiwe la Kano ambalo wazee husema ndiye yeye mwenyewe, aliyegeuka jiwe baada ya kivuli chake kuchomwa mkuki, husimuliwa kuwa watu walikuwa wakinolea mikuki yao juu yake. Ningekuwa wewe ningeweka mifereji mitatu au minne ya kunolea begani, iliyolainishwa kwa msasa mwembamba huku sehemu nyingine zikiachwa mbaya. Anayekijua kisa ataielewa bila kuambiwa.

Kuhusu kukunjika, jibu ni kwamba usilikunje jiwe. Gawanya mwili uwe vigae, na pale kiungo kinapokunjika, yaani kiwiko, kwapa, kiuno, nyonga na nyuma ya goti, acha nafasi ya kitambaa kitupu. Ili kupata umbo la vigae, zungusha mwili kwa karatasi ya nailoni ya kufungia chakula, kisha tepu ya karatasi juu yake, umwombe mwenzako achore nyufa kubwa moja kwa moja juu ya tepu huku ukiwa umesimama kama utakavyosimama ukumbini. Kila kigae kipe namba na mshale wa kuonyesha juu kabla hujakata, kwa sababu vikishatawanyika mezani vyote hufanana.

Gundi ni ile ya fundi viatu. Paka pande zote mbili, subiri dakika 10 hadi 15 mpaka isinate kidoleni, ndipo uviunganishe, ukijua kwamba vikigusana vimegusana na huwezi kuvisogeza tena. Gundi ya fimbo inayoyeyushwa kwa moto ni ya haraka, lakini hulegea ukiacha vazi ndani ya gari lililofungwa juani. Fanyia kazi nje au dirisha likiwa wazi, mbali na jiko na mshumaa, kwa kuwa mvuke wake hushika moto na hudhuru mapafu na ubongo. Barakoa ya kitambaa huzuia sehemu tu ya vumbi la msasa, na haizuii mvuke. Unahitaji ile yenye vichujio vya kaboni. Na kopo lifungiwe ndani. Sote tunajua gundi hii imewafanya nini watoto wa mitaani wa mji wetu, na fundi mwenye kopo wazi barazani ana wajibu.

Ama rangi: kigae kisichokunjwa hakihitaji miujiza. Kipashe moto uso wote ili vitundu vilivyofunguliwa na wembe na msasa vijifunge, kipake gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji kidogo, tabaka tatu au nne nyembamba, kila moja ikikauka kabla ya inayofuata, halafu rangi ya akriliki. Rangi ya ukutani ilikupasukia kwa sababu ilitengenezwa kwa ukuta usiosogea.

Rangi_Tatu (Ngara)

Nakubaliana na Fundi Msasa katika yote isipokuwa gundi ya mbao. Inafaa kwa ngao inayoning'inizwa ukutani, lakini hili ni vazi la kutokwa na jasho kwa saa nyingi, na ile gundi nyeupe ya kawaida ikilowa hulainika na kugeuka kuwa weupe wa maziwa, hasa kingo za ndani zinazogusa shingo na kwapa. Isitoshe, ikipakwa nene hupasuka vile vile. Mimi hutumia rangi ya mpira ya kupulizia, ile ambayo watu wa magari huipaka kwenye rimu na kuibandua baadaye. Uliza kwenye maduka ya rangi za magari ya Kirinyaga Road. Hukauka ikawa ngozi ya mpira, kwa hiyo kigae kikigongwa au kikikandamizwa kwenye kiti, rangi hufuata foamu inavyobonyea na kurudi. Pulizia tabaka nyembamba nyingi, nje ya nyumba, kwa umbali wa shubiri moja hivi.

Kwa kuwa umeuliza jinsi ya kupata jiwe linaloaminika hatua mbili kutoka kwako, hapa ndipo penye kazi. Anza na kijivu cheusi kila mahali, mpaka ndani ya nyufa. Kikikauka, changanya rangi ya kahawia na nyeusi iwe nyepesi kama chai ya rangi, imwage juu ya kigae, iache iingie kwenye vishimo vyote, kisha futa uso kwa kitambaa kikuukuu kabla haijakauka. Baada ya hapo chovya brashi ngumu katika kijivu hafifu, ifute kwenye gazeti mpaka ionekane haina rangi tena, uipitishe haraka juu ya uso ikigusa vilele peke yake. Vile vinundu vya foili vitajitokeza kimoja kimoja, na ghafla foamu itakuwa na uzito. Rudia kwa kijivu cheupe zaidi, lakini upande wa juu tu wa mabega, kifua na magoti, mahali ambapo mwanga wa jua ungeangukia. Ukiipitisha sawasawa mwili mzima utapata ukuta wa saruji.

Malizia na vanishi isiyong'aa. Jiwe linalong'aa chini ya taa za ukumbi huonekana plastiki, na kazi yote inapotea kwenye picha. Palipo na mng'ao kidogo pawe kwenye ile mifereji ya kunolea tu. Wazo hilo, Fundi, ni zuri kweli.

Jambo dogo: nyufa zisizotakiwa, za pale vigae vilipounganishwa, zijaze kwa dawa ya kujazia nyufa ya akriliki. Usinunue silikoni, kwani rangi haishiki juu yake.

Mama_Cherehani (Eastleigh)

Mwanangu, mimi ni mshonaji, na nimewasoma wenzangu kwa furaha. Wao wameanza na jiwe. Mimi ninakuomba uanze na nguo ya ndani, kwa sababu ndiyo itakayobeba kila kigae, na ikiwa imeshonwa vibaya hakuna rangi itakayokuokoa.

Nguo hiyo iwe ya kitambaa kinachonyumbuka pande zote mbili, yaani kwa urefu na kwa upana. Dukani kivute kwanza kwa mapana, kisha kwa marefu, halafu kiachilie utazame kama kimerudi. Kuna vitambaa vingi hapa Eastleigh vinavyovutika upande mmoja tu, navyo vitakunyima kuketi. Chagua kijivu cha kukaribia weusi, ili zile nafasi kati ya vigae zionekane kuwa nyufa zenye kina. Kama huna haja ya kushona kila kitu, Gikomba utapata suruali za mazoezi na fulana za mikono mirefu za rangi hiyo, ambazo ukiziunganisha kiunoni zinakuwa vazi moja.

Cherehani yako inatosha. Nunua sindano yenye ncha ya mviringo, ambayo husukuma nyuzi za kitambaa pembeni badala ya kuzitoboa, na uzi wa poliesta, kwa kuwa wa pamba hukatika mshono ukivutika. Unaposhona, kishike kitambaa mbele na nyuma ya sindano ukikivuta kidogo kwa nguvu zilizo sawa. Mshono ulionyooka ulioshonwa kitambaa kikiwa kimevutika nao utanyumbuka ukivaliwa. Pita mara mbili kwenye mapaja na kwapa. Kingo za ndani mpelekee fundi mwenye ovaloki, mashine ya kufunga kingo za kitambaa, atakumalizia mara moja. Zipu iwe nyuma, ndefu, kutoka shingoni mpaka chini ya kiuno, ili uweze kuingia na kutoka bila kuikunja miguu ya jiwe. Pia fikiria msalani, jambo ambalo vijana hulisahau wakati wa kushona na kulikumbuka ukumbini.

Sasa sikiliza vizuri kuhusu kubandika. Usibandike vigae nguo ikiwa imelala mezani. Ukifanya hivyo, siku ya kuivaa kitambaa kitataka kuvutika na gundi itakataa, na vitabanduka kimoja baada ya kingine. Tengeneza kiwiliwili chako: vaa fulana kuukuu, mwenzako akuzungushie tepu ngumu tabaka kadhaa, aikate kwa uangalifu mgongoni ukatoka, kisha uizibe na kuijaza vitambaa mpaka iwe na ukubwa wako. Kivishe kiwiliwili hicho nguo ya ndani, na gazeti liwe katikati ili gundi ikipenya isikamate. Ndipo ubandike. Na gundi usiipake kigae kizima, paka katikati yake tu, kingo zibaki huru, ili kitambaa kiendelee kunyumbuka chini yake. Kigae kizito cha kifua au mgongo kiongezee mishono michache ya mkono, uzi ukipita ndani ya ufa ambapo hautaonekana.

Kiunoni Lwanda hakuwa uchi. Mafundi wa sofa wa Ngong Road hubaki na vipande vya ngozi bandia vya kila rangi. Waombe vya kahawia, uvipige msasa upande wa juu ili viache kung'aa. Ndani ya yote vaa fulana nyembamba ya pamba ya kunyonya jasho. Ukimaliza tamasha, fua nguo ndani nje kwa mkono na maji baridi, uianike kivulini, kwa maana jua kali huiharibu foamu.

Kivuli_cha_Kano

Mama, asante sana; kuhusu kubandika juu ya kiwiliwili nisingelijua kamwe. Fundi na Rangi Tatu, nitafanya vigae viwili vya majaribio, kimoja cha gundi ya mbao na kimoja cha rangi ya mpira, nivilowanishe na kuvikandamiza, kisha nirudi hapa na matokeo.

Nina maswali mawili yaliyobaki. La kwanza ni mkuki na ngao: nitatoka Umoja kwa matatu, na mkuki mrefu haukubaliki garini wala langoni. La pili linanisumbua zaidi. Nguvu za Lwanda zilikuwa katika kivuli chake. Vazi likionyesha jiwe bila kivuli litakuwa limesimulia nusu ya kisa. Kuna njia ya kukivaa kivuli?

Fundi_Msasa

Mkuki uutengeneze kwa vipande vitatu vya bomba la plastiki la maji, la nusu inchi, vinavyounganishwa kwa viungio vyake vya kawaida bila gundi, ukauunganisha baada ya kufika. Bomba lifunike kwa foamu ya milimita 2 iliyochorwa mistari ya mti kwa wembe na kupashwa moto. Kichwa cha mkuki kiwe foamu mbili za milimita 5 zilizobandikwa mgongo kwa mgongo, kingo zikachongwa kwa msasa. Hata kama una fundi wa Kamukunji wa kukufulia cha chuma kizuri, usimwagize, kwa maana matamasha hukataa silaha za chuma, na langoni watakuwa na haki, kwani ukumbi umejaa watoto. Ngao ikate kwa foamu ya milimita 10, ipashe moto na kuikunja juu ya pipa au ndoo kubwa ipate tumbo, na mpini wake wa nyuma uwe mkanda wa begi. Vyote vitaingia kwenye mfuko mmoja wa turubai. Vigae vya mabega vifunge kwa bizimu na mkanda, uvivue garini. Ndivyo vinavyokwaruzwa mlangoni.

Swali la kivuli ninamwachia Mama Cherehani.

Mama_Cherehani

Swali hilo nimelala nalo, mwanangu. Tumia shifoni nyeusi, iliyo nyepesi kiasi cha kuona sakafu kwa mbali kupitia kwake. Ikate umbo la mtu aliyelala, lakini aliyerefushwa, jinsi kivuli cha saa kumi na moja jioni kinavyokuwa: miguu myembamba inayoanza kwenye visigino vyako, mwili unaopanuka, na kichwa mwisho kabisa. Urefu wake usizidi kimo chako, la sivyo utamfagia kila anayepita. Mkononi mwa kivuli, kwenye kifundo, weka uzi mmoja mwekundu uliodarizwa kwa mkono, mfupi kama chanjo ya wembe. Usiukuze. Watoto wa Kano watautafuta, na wengine watakuuliza, ukapata nafasi ya kuwasimulia.

Kukifunga, shonea Velcro kwenye visigino vya viatu na kwenye nyayo za kivuli, kipande kidogo cha upana wa kidole, ili mtu akikikanyaga kibanduke upesi badala ya kukuangusha. Ukiwa unatembea katika msongamano, kikunje juu na ukitundike kwenye mkanda wa kiuno. Ukisimama kwa ajili ya picha, mwenzako akitandaze nyuma yako, upande ulio mbali na taa, kwa maana kivuli kinachoelekea kwenye mwanga kitawashangaza wenye macho. Shifoni hutoa nyuzi sana. Ikiwa ni ya poliesta, pitisha ukingo wake haraka juu ya mwali wa mshumaa, utayeyuka kidogo na kujifunga. Jaribu kwanza kwenye kipande cha pembeni, uwe na maji karibu, na lile kopo la gundi ya viatu liwe chumba kingine kabisa.